Kiti cha Kumi na Mbili

13 Februari 2013, Jumatano ya Majivu. Lodwar

Leo nimepakwa majivu kwenye paji la uso, na kabla sijafika nyumbani jasho lilikuwa limeyateremsha hadi puani. Mugure, jirani yangu mwenye duka la vitenge, alinitazama akasema nimefanana na mtu aliyetoka kukung'uta jiko. Yeye ni wa Presbiteri, hapakwi kitu, basi ana nafasi ya kucheka.

Kila Kwaresima huwa naacha sukari. Mwaka jana niliiacha nikawa mkali darasani hadi watoto wakaanza kuniombea. Mwaka huu nitaandika badala yake. Labda nitatulia, maana tangu Januari situlii. Mwaka wa tatu sasa naomba uhamisho kwenda Kitale, karibu na mama, na kila nikienda ofisi ya elimu naambiwa nirudi baada ya uchaguzi. Kila kitu siku hizi ni baada ya uchaguzi.

Jambo moja limenikera. Majivu yetu hutoka kwenye matawi ya mkoma ya mwaka uliopita, na anayeyachoma ni Apa Lokaale, mzee anayetukatia matawi hayo huko mto Turkwel. Leo hakuonekana. Padre aliyachoma mwenyewe akaunguza kidole.

15 Februari, Ijumaa

Njia ya Msalaba saa kumi jioni. Upepo umetupiga mchanga machoni kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Lokaale hakuja.

19 Februari, Jumanne

Kikao cha kamati ya liturujia, ambayo mimi ndiye mwenyekiti wake kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Tulipanga Alhamisi Kuu. Parokia yetu ina desturi yake: siku hiyo, wakati wa kuosha miguu, tunaweka viti kumi na viwili mbele ya altare, na nyuma ya kila kiti tunabandika karatasi yenye jina la mtume. Katekista mmoja wa zamani ndiye aliyeanzisha, ili watoto wajue majina. Watoto wameyajua. Shida ni kiti cha kumi na mbili, cha Yuda Iskarioti.

Kipchumba, mwenyekiti wa baraza la parokia na mtu wa ofisi ya maji, ni Petro kila mwaka, na hakuna anayethubutu kumuuliza kwa nini. Kiti cha Yuda hukaliwa na Apa Lokaale. Siku desturi ilipoanza alichelewa, akakuta ndicho kilichobaki, akakaa. Watoto wa Kawalase, mtaani kwake, wakaanza kumwita Apa Yuda, yeye akawa anaitikia, na mji mzima tukazoea.

Leo tumesikia amehama. Amefunga nyumba, amemchukua binti yake Akiru, wameenda Kakuma kwa dada yake. Hakuaga mtu.

"Atarudi," Kipchumba akasema. "Na asiporudi, Mwalimu Nekesa atatafuta mwingine. Hiyo ni kazi kidogo."

26 Februari, Jumanne

Si kazi kidogo. Mwenye duka la dawa amesema mkewe ana mimba na hataki mtoto azaliwe na mkosi. Karani wa mahakama ameuliza kama hakuna nafasi ya Tomaso. Fundi wa pikipiki alinyanyuka akaenda zake na chai yake ikabaki mezani, nikainywa mimi.

Siwalaumu sana. Mwaka huu magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti toka asubuhi, na kila aliyehama chama anaitwa Yuda. Jana vijana walimfukuza mtu mzima sokoni wakimwita jina hilo, na mawe mkononi. Nani atakuja kulikalia kanisani mbele ya watu wote?

Joto halipungui. Nimelowesha shuka na kujifunika nalo, likakauka kabla sijapata lepe la usingizi.

4 Machi, Jumatatu

Nimepiga kura. Foleni ndefu, jua kali, watu kimya.

6 Machi, Jumatano

Tunangoja matokeo. Mugure amepeleka watoto wake kwa dada yake Kitale. Asubuhi alifunga vitenge vyote kwenye magunia, mchana akavifungua, jioni akavifunga tena. "Mimi niliona uchaguzi wa elfu mbili na saba," aliniambia. "Siwezi kukaa hivi hivi." Nilimsaidia kufunga. Nikajikuta nami nimeanza kufunga vyombo vyangu.

10 Machi, Jumapili

Matokeo yalitangazwa jana. Waliokataa wanaenda kortini. Kanisa lilikuwa nusu, na waliokuja walikaa na watu wao, kila kabila benchi lake. Sikuwahi kuona hivyo hapa, au labda sikuwahi kuangalia.

14 Machi, Alhamisi

Roma wamepata Papa mpya jana. Wamempata kwa siku mbili. Mimi mwezi mzima sijapata Yuda.

16 Machi, Jumamosi. Kakuma

Nimekuja na pikapu ya misheni iliyoleta vitabu vya katekisimu. Barabara imenitikisa hadi meno. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumshawishi mzee arudi. Nilikuwa nayo mazuri, na sikuyatumia hata moja.

Akiru nilimkuta ndani ya kambi ya wakimbizi, akiosha vikombe kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Sudan Kusini anayeitwa Akuol. Alikuwa amekonda. Akuol alinikaribisha: "Ahlan, mwalimu, kaa. Huyu msichana anafanya kazi poa, lakini hacheki." Akampa ruhusa anipeleke kwa baba yake, nje ya kambi upande wa mji.

Lokaale alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wazee wa Kiturkana hutembea nacho, mchana kigoda, usiku mto wa kulalia.

"Ejok, apa," nikamsalimu.

"Ejok nooi. Umekuja juu ya kiti."

"Nimekuja kukujulia hali."

"Kwa hali tu umekuja na gari ya Padre?"

Nilikaa chini. Akiru ndiye aliyeanza kusema, akitazama mikono yake.

Kumbe alikuwa ameposwa. Kijana anatoka Kaaleng, mtoto wa Mzee Lokeno, na wazee walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za mifugo. Mwezi wa kwanza Lokeno akatuma watu Lodwar kuulizia ukoo wa msichana, kama inavyofanywa.

"Walifika Kawalase wakauliza watoto, nyumba ya Lokaale ni gani," Akiru alisema. "Watoto wakasema, ile ya Yuda. Wakauliza, Yuda ni nani? Watoto hawakujua kueleza, walicheka tu. Wakarudi Kaaleng wakauliza katekista ya huko. Akawaambia, Yuda ni mtu aliuza rafiki yake kwa adui."

"Lakini huo ni mchezo wa kanisani tu," nikasema.

"Mchezo ni yenu," Lokaale akajibu. "Mtoto ni yangu."

Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni asiyejua kitu, na kweli sikujua. Kaaleng iko karibu na mpaka. Huko watu wamechukuliwa mifugo na kuuawa, na kila mara huulizana nani aliwaonyesha adui njia. Mtu wa namna hiyo hapewi maji. Lokeno amesikia kwamba mji mzima wa Lodwar unamjua Lokaale kuwa mtu huyo, na kwamba yeye mwenyewe akiitwa anaitikia. Mazungumzo yamekatwa. Kijana anapiga simu kwa siri, analia.

"Niliitika kwa sababu ni watoto," mzee alisema. "Ungefanya nini? Upige watoto? Sasa niambie, mwalimu, hiyo jina nitaosha na nini?"

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nimekaa mjini na mzee huyu miaka, nimemwita hilo jina nikimwagiza matawi, na sikuwahi kujiuliza linafika wapi.

17 Machi, Jumapili. Lodwar

Baada ya Misa nilimfuata Padre sakristia nikamwambia tuchane karatasi zote, au angalau tukitoe kiti cha Yuda, tuoshe watu kumi na mmoja. Alikuwa anakunja stola.

"Mwalimu, Injili haisemi Bwana aliinuka kwa Tadei akamruka Yuda," alisema. "Alimjua, na akapiga magoti mbele yake na beseni kama kwa wengine. Tukikitoa hicho kiti tutakuwa tumemfukuza mezani mtu ambaye yeye hakumfukuza."

"Basi kaa wewe."

"Nani ataosha?"

Nilimwambia hayo ni maneno mazuri ya mimbari, lakini anayeyalipia ni Akiru. Mchana Padre akampigia simu katekista wa Kaaleng amwombe Mzee Lokeno aje Alhamisi Kuu ajionee mwenyewe. Lokaale naye amekubali kuja azungumze naye. "Nitakuja," ametuma neno, "lakini kiti sitaki."

Sijui kama tumetengeneza au tumeharibu zaidi.

21 Machi, Alhamisi

Mawingu upande wa Uganda. Yakaondoka.

24 Machi, Jumapili ya Matawi

Tumeaibika. Vijana wa kwaya walikwenda Turkwel kukata matawi ya mkoma wakayaleta jinsi yalivyo. Mashina ya matawi hayo yana miiba iliyopinda. Kumbe kila mwaka Lokaale alikuwa akikaa na kisu akiikwangua tawi kwa tawi. Leo tuliimba Hosana huku watu wakilamba damu vidoleni. Kipchumba alishika lake kwa leso.

Baada ya Misa akaniambia, "Huyo mzee lazima arudi." Nilimuuliza kama yeye atakubali kukaa kiti cha Yuda, mara moja tu. Akaangalia saa.

26 Machi, Jumanne

Mvua imenyesha tangu alasiri. Paa la jikoni limevuja juu ya unga. Ofisi ya elimu wameniambia niende Alhamisi kabla ya saa sita, mkubwa atakuwepo, ataongea nami habari ya Kitale. Nimengoja maneno hayo miaka mitatu, na nilipoyasikia nikafikiria viti.

28 Machi, Alhamisi Kuu

Naandika usiku.

Asubuhi Akiru alipiga simu. Wako barabarani kutoka Kakuma, na laga imejaa mbele yao. Jana ilikuwa mchanga mtupu, leo ni mto unaobeba magogo, na magari yamepanga mstari ng'ambo yakingoja. "Hatuwezi kufika leo, mwalimu. Baba amekaa juu ya ekicholong yake anaangalia maji." Nikauliza kuhusu Lokeno. Akasema alitoka Kaaleng jana, atapita upande wa ziwa, ameahidiwa nafasi kwenye lori la samaki kutoka Kataboi.

Kwa hiyo mshitaki alikuwa anakuja na mshitakiwa amezuiwa na maji. Nilizunguka kutoka kanisani hadi barabara kuu, kutoka barabarani hadi kanisani, nikiangalia kila mzee mwenye fimbo. Saa sita ikapita. Ofisi ya elimu niliikumbuka saa tisa.

Saa kumi na mbili Misa ikaanza. Viti kumi na kimoja vilikuwa na watu wenye soksi safi. Hiyo nayo ni desturi: kila mtu huosha miguu yake nyumbani, na kuipaka mafuta, ili Padre asikute aibu. Kiti cha kumi na mbili kilikuwa kitupu, karatasi yake nyuma. Padre alisema kikae hivyo hivyo, watu wakione.

Injili ilipokuwa inamalizika, mzee mmoja aliingia kwa mlango mkubwa. Shuka begani, fimbo, ekicholong mkononi, matope mekundu hadi magotini. Hakutafuta benchi nyuma. Alipita katikati ya kanisa taratibu kama mtu aliyeitwa, na wazee wakiitwa hukaa mbele. Akaona watu wazima wameketi mstari mmoja, akaona kiti kimoja hakina mtu. Akaketi, ekicholong mapajani.

Nilijua ni Lokeno kabla ya kuambiwa. Hakujua kusoma, na hata angejua, karatasi ilikuwa mgongoni kwake. Kanisa lote liliona. Mnong'ono ulianzia kwa kwaya ukaenda nyuma hadi nje ya milango. Kipchumba, kwenye kiti cha Petro, aligeuza shingo akasoma karatasi, akanitazama kwa macho ya mtu anayezama. Niliinuka. Nilitaka kumshika mzee mkono nimtoe, nimwambie amekosea mahali, kabla hajaambiwa na mwingine kwamba tumemketisha mgeni juu ya jina lile lile alilolikimbia.

Padre alinitazama akatikisa kichwa kidogo. Nikakaa.

Aliosha kumi na mmoja upesi, maji yakibaki meupe. Alipofika kwa mzee alipiga magoti akaanza kufungua kamba za akala zake, zile ndara za mpira wa gari, na kamba zilikuwa zimelowa, zikakataa. Alihangaika nazo. Mzee akainama wakazifungua pamoja. Maji yalibadilika yakawa rangi ya laga. Padre akaomba mtungi mwingine, kisha mwingine. Sijawahi kuona miguu ikioshwa kweli katika ibada ile, na nimehudhuria kila mwaka.

Padre alipokausha na kuinama kubusu, mzee aliweka kiganja juu ya kichwa chake, akamtemea mate kidogo, kama wazee wa hapa wanavyobariki, akaanza kusema baraka kwa Kiturkana. Wale wa kutoka chini, mimi na wenzangu tusio Waturkana, tulishtuka. Akina mama wa Kiturkana hawakushtuka. Waliitikia, sentensi kwa sentensi, wakawa wengi, hadi mabenchi yote yaliyokuwa yamegawanyika tangu uchaguzi yakawa yanaitikia, hata wasiojua maneno.

Baada ya Misa alinikuta mimi mlangoni. Kiswahili chake ni kidogo lakini kinafika.

"Wewe ndiyo mwalimu," alisema. "Kwa nini watu ilikuwa inaniangalia? Hii kiti ni ya nani?"

Ningeweza kumdanganya. Nikawaza nikimwambia, Akiru amekwisha. Nikawaza ataambiwa sokoni kesho na watu wanaocheka.

"Ni kiti cha Yuda, apa. Yule aliyeuza rafiki yake."

Alitazama miguu yake, bado safi, kisha akala zake zenye matope alizozishika mkononi.

"Na huyo Yuda," akasema, "alioshwa miguu?"

"Alioshwa."

"Mwenye kuosha alikuwa anajua?"

"Alijua."

Akafikiri. "Lokaale ndiyo anakaaga hapo?"

"Kila mwaka. Wengine wote hukataa."

"Yeye aliuza nani?"

"Hakuuza mtu, apa. Alikaa tu."

"Mimi pia nimekaa," alisema Lokeno. "Mimi nimeuza nani?"

Watu walikuwa wamesimama nyuma yetu, Kipchumba akiwa mmoja wao, na mzee akawaangalia wote, si mimi peke yangu. Hakupandisha sauti.

"Mtu moja anawakalia nyinyi kiti mnaogopa. Halafu nyinyi mnampatia hiyo jina abebe mpaka nyumbani."

Akavaa akala zake na kuuliza atalala wapi, kwa sababu atangoja maji ya laga yapungue, Lokaale afike.

29 Machi, Ijumaa Kuu

Laga imeshuka. Lokaale na Akiru wamefika mchana na lori, tukiwa kituo cha nane cha Njia ya Msalaba. Mzee hakutusubiri tumalize. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa misheni alikoketi Lokeno, akaweka ekicholong yake chini kando ya yake. Kutoka kituo cha tisa hadi cha kumi na nne nilisali bila kusikia neno nililosema. Akiru alisimama karibu nami ameshika pindo la leso niliyojifunga.

Tulipomaliza walikuwa bado wanaongea. Lokeno alikuwa anachora kitu mchangani kwa fimbo. Walikuwa wanazungumza mbuzi. Akiru alipoona hivyo alikaa chini palepale, akajifunika uso.

30 Machi, Jumamosi Kuu

Korti imetoa uamuzi wake alasiri. Maduka yalifungwa, askari barabarani. Padre amesogeza Mkesha mapema, tukawasha moto mpya nje jua likiwa halijazama sawasawa. Mugure alikuja na mshumaa wake, akasema Presbiteri hawajamkataza kuangalia moto. Vitenge viko nje ya magunia.

31 Machi, Pasaka

Kristo amefufuka. Mvua, nyimbo, pilau. Kipchumba alimletea Lokaale soda akamwita Mzee Lokaale, jina lake hasa, na akakaa naye hadi chupa ikaisha.

1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Lokeno ameondoka asubuhi na ahadi ya kurudi na wazee wenzake baada ya mvua. Lokaale amefungua nyumba yake Kawalase. Nilimpata akifagia mchanga mlangoni. Watoto walipita wakasema, "Ejok, Apa Lokaale," maana mama zao wamewafunza kwa viboko.

Nilimwambia nimeshaamua. Mwaka ujao hakuna majina, na yeye hatasumbuliwa tena. Atakaa kokote, au asikae. Nilidhani atafurahi. Aliacha kufagia.

"Lokeno ameniambia mwaka ujao anakuja tena Alhamisi," alisema. "Anasema atakaa pale pale. Anasema Padre anaosha vizuri."

"Si vizuri, apa? Utapumzika."

"Hapana." Alikuwa amekasirika kweli, uso umekunjamana. "Siku moja nimechelewa, mtu anakalia kiti yangu. Mwambie hiyo kiti iko na mwenyewe."

Nimerudi nyumbani nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo. Sijaenda ofisi ya elimu. Nitaenda kesho, au keshokutwa. Kwanza nimeahidi kwenda naye Turkwel anionyeshe namna ya kukwangua miiba.